Theluji Tusiyoinywa

Wacha nianze na jambo linaloweza kuiua hoja yangu kabla haijasimama: maji ya Gatongora hayatoki Mlima Kenya. Mto Ruiru unaanzia nyanda za juu za Kiambu, upande wa milima ya Nyandarua, na huko hakuna theluji. Ndakaini, bwawa ambalo Nairobi hulitegemea kuliko lingine lolote, hujazwa na Mto Thika na vijito vingine vya Nyandarua hiyo hiyo. Huku kwetu wengi tunanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye kisima, maji ya chumvi yanayoacha utando mweupe ndani ya sufuria.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba barafu ya Mlima Kenya inaisha, nina haki ya kumuuliza: na mimi inanihusu aje? Nimelisikia swali hilo kwa wasee wa boda na kwa marafiki waliosoma kuniliko. Si swali la kijinga. Mtu anayehesabu kodi, token za stima na nauli ya kwenda tao ana haki ya kuchagua kitu cha kulilia.

Wanasayansi wenyewe wanakubaliana naye nusu. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuhusu Afrika, iliyotoka Oktoba 2021, ilisema barafu za Mlima Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori ni ndogo mno kuwa ghala la maji la maana. Mito inayoshuka kutoka milima hiyo hulishwa hasa na mvua, misitu na maji yaliyojificha ardhini. Ila ripoti hiyo hiyo ilisema barafu za milima hiyo mitatu huenda zikaisha kabisa kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya huenda ikatangulia kwa mwongo mmoja. Yaani miaka ya 2030. Yaani mtoto anayezaliwa leo hapa Ruiru huenda asiione akiwa na akili ya kuikumbuka.

Hapo ndipo swali linapoacha kuwa la sayansi. Kama kitu hakikupi maji, hakikupi kazi, na hujawahi kukigusa, kikipotea umepoteza nini? Na kama huwezi kusema umepoteza nini, utamdai nani?

Kwanza tuone kinachoondoka. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafu 18 zilizotengana, kila moja kwenye bonde lake. Zaidi ya theluthi moja ya hizo hazipo tena. Ile inayoitwa Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake la barafu tangu 1912.

Watu hudhani barafu ya mlimani hufa kwa joto tu, kama aiskrimu iliyosahaulika mezani. Ukweli ni kwamba hufa pia kwa njaa. Barafu ya ikweta huishi kwa kulishwa theluji mpya kila msimu. Theluji hiyo, kwa kuwa ni nyeupe, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Msimu ukikosa theluji, uso wa barafu hubaki wa kijivu na wenye vumbi, na kitu cheusi hunywa jua. Hewa nayo ikipata joto zaidi, kile ambacho kingeanguka kama theluji huanguka kama mvua. Barafu inanyimwa chakula huku ikipikwa.

Ukiwa huku chini huoni lolote kati ya hayo. Unachoona, asubuhi moja moja baada ya mvua kusafisha hewa, ni umbo la bluu upande wa kaskazini, lenye meno juu, ambalo likifika saa tatu limeshamezwa na mawingu. Wengine wameishi hapa miaka kumi bila kuliona.

Na kutoamini kwamba lipo ni desturi ya zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, akauona juu ya Mlima Kenya akiwa Kitui. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desmond Cooley alizikejeli kwa miaka: theluji kwenye ikweta ilikuwa jambo lisilowezekana. Mimi hunivutia zaidi yule aliyekuwa akimwongoza Rebmann njiani. Alipoulizwa ile nyeupe kule juu ni nini, aliiita baridi tu. Hakuwa na jina la theluji, lakini alijua inachofanya.

Wakikuyu walikuwa wakiuita mlima Kirinyaga. Krapf alilisikia jina lake kwa matamshi ya Ukambani, akaliandika jinsi sikio lake lilivyolipokea, na mwaka 1920 likawa jina la koloni nzima. Maelezo ya maana yake yanatofautiana, ila mengi yanarudi kwenye mchanganyiko wa weupe na weusi: theluji na mwamba, kama manyoya ya mbuni dume. Sisi ni nchi iliyopewa jina la weupe ambao sasa unafutika.

Mwaka 2020, wakati wa vikwazo vya korona, mpiga picha mmoja aliweka mtandaoni picha ya majengo ya Nairobi na nyuma yake Mlima Kenya umesimama wazi. Ubishi ukawaka. Wengine walisema ni kweli, hewa imekuwa safi kwa sababu magari yamepungua. Wengine wakasema imehaririwa, hakuna mlima unaoonekana hivyo kutoka mjini. Miaka 171 baada ya Krapf, wasioamini hawakuwa London tena.

Sasa nijibu lile swali la kwanza. Tumepoteza nini? Nikianza na faida nitashindwa, kwa sababu faida karibu haipo. Basi nianze na kaburi. Watu wengi wa Kiambu wameuza shamba la familia na kulazimika kuamua kuhusu kaburi la guka lililo kwenye kona. Kaburi halikupi maji. Halilipi kodi. Kwa hesabu ya ploti, linakula nafasi ya chumba kimoja. Lakini tingatinga likipita juu yake bila neno, hakuna anayesema, "Kwani lilikuwa linatusaidia na nini?" Tunajua tumekosewa hata kama hakuna shilingi iliyopotea. Yaani tayari tunaamini, bila kufundishwa na mtu, kwamba kuna vitu ambavyo thamani yake si kazi vinayotufanyia.

Mlima ulikuwa hivyo kwa watu wengi. Wazee waliusali wakiuelekea, makao ya Ngai, bila kuhitaji kuupanda. Usiku wa uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipeperusha bendera mpya kwenye kilele cha Lenana, ingawa sherehe yenyewe ilikuwa Nairobi na hakuna ambaye angeiona kule juu. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Waingereza kule Nanyuki, wawili wao wakapanda hadi Lenana kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wote wakarudi kambini wenyewe kufungwa tena. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kuchota maji.

Ningeweza kuishia hapo, na huu ungekuwa mwandiko wa huzuni. Lakini huzuni ya mlimani ina hatari yake. Inaweza kugeuka kuwa mahali pazuri pa kujificha, na wanaojificha hapo si lazima wawe waandishi.

Machi iliyopita masika yalichelewa, na jua la Februari likaendelea kana kwamba halijui kalenda. Ploti yetu ilikuwa na miti mitatu uani, mukima miwili na avokado mmoja. Mwenye ploti alikuwa ameikata mwaka uliotangulia ili aongeze vyumba sita vya mabati, na vyumba hivyo havina silingi: ni bati moja tu kati ya kichwa chako na jua. Jirani yangu ana mtoto mchanga. Usiku alikuwa akikaa naye nje kwenye ngazi hadi saa tano, saa sita, akimpepea na kifuniko cha ndoo, kwa sababu ndani mtoto alikuwa akilia mpaka sauti inakauka. Landilodi alipokuja kuchukua kodi tulimwambia keja zimekuwa oveni. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Hii ni mambo ya tabianchi, vijana. Hata mimi nasikia hiyo joto."

Na hakudanganya. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kali zaidi duniani tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa kabla ya viwanda. Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya hewa chafu inayopasha dunia. Landilodi wetu, hata akichoma taka zake zote kwa mwaka, hawezi kuhamisha nambari hizo hata kwa unywele.

Lakini bati halikujipigilia. Mti hufanya kazi mbili: unatoa kivuli, na unapumua maji ambayo hupoza hewa iliyo karibu nao. Zege hufanya kinyume; hushika joto la mchana na kulitoa usiku, wakati mtoto anajaribu kulala. Joto lililokuwa ndani ya kile chumba lilikuwa na wazazi wawili. Mmoja yuko mbali, kwenye viwanda na migodi ya makaa ya nchi zilizotajirika mapema. Mwingine alikuwa amesimama mbele yetu na kitabu cha risiti.

Hiki ndicho ninachotaka kusema katika makala hii nzima. Tabianchi ni ukweli, na kwa kuwa ni ukweli, imekuwa kisingizio bora kuliko uongo wowote. Uongo ungekanushwa. Huu hukanushi, unanyamaza tu. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na baadaye tingatinga za serikali zikabomoa nyumba za watu maskini kando ya mito ya Nairobi. Mvua ilikuwa kubwa kweli. Lakini kuna mtu aliyekata vile viwanja kando ya mto, kuna aliyeviuza, na kuna aliyepiga muhuri. Kila tunaposema "ni tabianchi" na kuishia hapo, watu hao watatu wanapumua.

Barafu ya Mlima Kenya inatusaidia hapa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kule juu hakuna ploti. Hakuna aliyekata mukima, hakuna afisa wa kaunti aliyepokea kitu kidogo. Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba kupungua kwa misitu ya miteremkoni kumepunguza unyevu unaofika juu. Hata ukiweka hilo kwenye mizani, barafu za Rwenzori, Kilimanjaro na Andes zinaondoka pamoja, na Venezuela mwaka 2024 ilihesabiwa kuwa imepoteza barafu yake ya mwisho ya mlimani. Milima iliyotengana kwa bahari haiwezi kuwa imekosewa na mtu mmoja wa Nanyuki. Mlima basi unatuonyesha jinsi deni la wengine linavyoonekana likiwa peke yake. Ukishalijua hilo, ukishuka Gatongora unaweza kutoa: hili ni la kwao, na hili lililobaki ni la kwetu.

Kiswahili kina mzaha wake hapo. Mbuni ni ndege, na mbuni pia ni mmea wa kahawa. Mlima ulifananishwa na mbuni wa kwanza. Huku Ruiru tulivikwa wa pili: mashamba ya kahawa yalienea pande hizi, na mwaka 1985 kituo cha utafiti cha hapa kilitoa aina ya Ruiru 11, iliyozalishwa istahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Leo sehemu kubwa ya mashamba hayo ni mawe, lami na mabati, na kahawa imebaki kwenye majina ya mitaa, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani. Weupe wa mbuni wa kwanza unayeyushwa na watu tusiowajua. Mbuni wa pili uling'olewa na watu tunaowajua, wengine ni wajomba zetu, na sisi ndio tunaolala kwenye vyumba vilivyochukua nafasi yake.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu hata mimi hunijia. Kumnyooshea kidole landilodi wa vyumba sita ni kuwasaidia wakubwa. Kampuni za mafuta zinapenda sana tukilaumiana huku chini: wewe zima taa, wewe acha makaa, wewe panda mti. Ni kweli. Lakini jibu la hilo si kumsamehe landilodi. Jibu ni kugawa deni sawasawa.

Na kugawa kunawezekana. Mwaka 2015 mkulima wa Peru, Saúl Luciano Lliuya, alishtaki kampuni ya umeme ya Ujerumani, RWE, akisema barafu inayoyeyuka juu ya mji wake wa Huaraz inajaza ziwa linaloweza kufurika na kuangusha nyumba yake. Hakuidai kampuni hiyo dunia nzima. Aliidai asilimia 0.47 ya gharama ya kujikinga, sehemu iliyokadiriwa kuwa mchango wake katika hewa chafu ya viwanda. Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya Hamm ilikataa dai lake kwa kuwa hatari kwa nyumba yake haikuthibitika kuwa kubwa vya kutosha, lakini ikakubali kanuni: mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa madhara yaliyo upande wa pili wa dunia. Kama hakimu Mjerumani anaweza kukubali hesabu ya aina hiyo, sisi hatushindwi kuhesabu sehemu ya miti mitatu.

Tena kuyatenganisha madeni kunayapa nguvu yote mawili. Kenya ilipokaribisha viongozi wa Afrika Nairobi, Septemba 2023, kuzungumzia tabianchi, tulidai kwamba waliochafua walipe. Tulikuwa na haki. Ila sauti hiyo inakauka kooni ikiwa anayedai nje ndiye yule yule anayetoa kibali cha jengo lisiloacha hata mita moja ya udongo. Anayedai lazima awe tayari kudaiwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Landilodi si tajiri. Ana mkopo, ana karo, na vyumba sita ni tofauti kati ya kulala na kutolala kwake. Na mimi ninayeandika haya ninalala kwenye kimojawapo kwa sababu ndicho ninachoweza kulipia. Kivuli kingeongeza kodi. Hilo sina namna ya kulizunguka. Ninachoweza kusema ni kwamba udogo wa deni hupimwa kwa anayedaiwa na kwa anayedai pia. Kwa dunia, miti mitatu si kitu. Kwa mtoto wa miezi minne kwenye ngazi saa sita usiku, ndiyo hali ya hewa yote anayoijua.

Basi tunabaki na wajibu wa aina mbili, na hautekelezwi kwa njia moja. Kwa barafu, sioni kwamba kuna kitu mtu wa Gatongora atakachofanya kikaiokoa. Wajibu wetu kwake ni ule wa shahidi. Kusema ilikuwepo, ilikuwa hapa, ilitupa jina, na kutaja waliochoma. Mtoto atakapouliza kwa nini nchi inaitwa Kenya na mlima ni mweusi mtupu, jibu lisiwe "ni mambo ya tabianchi," kana kwamba tabianchi ni mtu aliyepita usiku bila kuonekana. Ushahidi haurudishi kilichoibwa, lakini bila ushahidi hakuna kesi.

Kwa joto la ndani, wajibu ni wa kawaida na una bei. Wapangaji tulikaa Jumapili moja na landilodi, watu wanane na viti vitano. Tulikubali mbele yake kwamba jua si lake. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuzungumzia bati. Silingi alikataa, akasema labda mwakani. Miti tuliomba nafasi ya miwili kando ya ukuta. Akasema atafikiria, na bado anafikiria. Alichokubali ni rangi nyeupe ya kupaka juu ya mabati, yeye nusu ya gharama na sisi nusu, kwa sababu bati jeupe hurudisha jua linakotoka badala ya kulinywa. Ni kazi ile ile ambayo theluji huifanyia barafu, kwa ndoo mbili za rangi. Hilo halitaupoza Mlima Kenya. Vyumba vinne vimeshapakwa, viwili vinangoja mwisho wa mwezi, na chumba cha jirani yangu kilipakwa cha kwanza.